Alituvunja Mbavu, Sasa Anatutoa Jasho

Jamani, Get Out! Nimetoka ukumbini sasa hivi, moyo bado unadunda, na ninajiuliza Jordan Peele alikuwa ameficha wapi makali haya miaka yote.

Ndiyo, Peele yule yule. Yule wa Key & Peele, kipindi alichofanya na Keegan-Michael Key kuanzia 2012 hadi 2015, akimwiga Obama mpole huku Key, kama Luther, akizitoa hadharani hasira ambazo rais huyo hakuweza kuzionyesha. Mwaka 2016 hao hao wawili walikuwa kwenye Keanu, komedi ya watu wazima wanaohatarisha maisha kwa ajili ya paka. Na sasa Peele ameandika na kuongoza filamu hii ya kutisha, ya kwanza kwake kuongoza, kwa dola milioni 4.5. Kwa Hollywood, hizo ni za sukari na chai.

Chris, kijana mweusi mpiga picha, anakwenda na mpenzi wake Rose, mzungu, kutambulishwa kwa wazazi. Aliyewahi kwenda ukweni mara ya kwanza analijua lile jasho: ukae vipi, ucheke kiasi gani, hiki ukikataa watakuonaje. Peele hahitaji jini wala maiti inayofufuka. Anatumia jasho hilo tu! Baba mkwe anajigamba kwamba angeweza, angempa Obama kura kwa awamu ya tatu, nasi tunacheka. Halafu kicheko kinatukwama kooni, kwa sababu aliyeandika maneno hayo ndiye aliyekuwa akiivaa sauti ya Obama kutuchekesha, na sasa jina lile lile analifanya barakoa ya mwenyeji mkarimu kupita kiasi.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema ameiacha komedi. Hajaiacha hata kidogo. Mtazameni Betty Gabriel, anayeigiza Georgina, mtumishi wa nyumba: anatabasamu, anakana kwamba kuna tatizo, na chozi linamteremka huku tabasamu halitoki. Kamera haiondoki usoni pake. Mchekeshaji anajua ni sekunde ngapi za kimya zinamfanya mtu acheke; Peele anaongeza kidogo tu juu ya hizo, na wewe unajikuta umeng'ang'ania mkono wa kiti. Kisha anamleta Lil Rel Howery, rafiki yake Chris anayefanya kazi ya usalama wa uwanja wa ndege, mropokaji kuliko wote na mwenye akili kuliko wote, na ukumbi unalipuka.

Na Daniel Kaluuya, anayeigiza Chris! Mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda, na sijui macho yale aliyapata wapi. Mama mkwe anakoroga chai, kijiko kinakwaruza kikombe, Chris anashindwa hata kuinua kidole, machozi yanajaa, kisha anazama gizani. Sisemi zaidi. Ila chai sitaikoroga kwa amani wiki hii.

Msomaji wa Kiswahili ana zawadi yake mwanzoni. Miti inapita mbio, majina yanaanza kutokea, na sauti zinaimba kwa lugha yetu! Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza kuiandikia muziki. Ni sauti za wahenga wakimwonya kijana akimbie. Wengine ukumbini wanasikia mnong'ono wa ajabu tu. Sisi tunaambiwa mapema, na bado tunarushwa vitini.

Kasoro? Kaka yake Rose ametiwa chumvi kupita kiasi, mwovu tangu anapokaa mezani, na pale njama inapofafanuliwa kwa maneno mengi mwendo unalegea. Dakika chache tu kati ya 104, nami nimesamehe.

Hii ni filamu nzito, tena nzito sana, ingawa imevaa nguo za sinema ya kutisha. Msiiangalie trela, inatoboa mengi mno. Kateni tiketi, watoto waacheni nyumbani, na mkitoka msimsimulie mtu yeyote mwisho wake.