Igeuze Kwanza: Kuitambua Ngozi ya Manyoya Iliyotengenezwa Nyumbani

Mnunuzi mgeni hupapasa manyoya. Mjuzi huigeuza ngozi kwanza. Manyoya yakichanwa na kupakwa mafuta kidogo hupendeza hata juu ya ngozi iliyoanza kuoza. Upande wa nyama hauna pa kujificha.

Hapa Kiboko, kwenye barabara kuu kati ya Emali na Makindu, ngozi halali ya kutengeneza nyumbani ni ya mnyama wa kufugwa, kama mbuzi au sungura. Ya digidigi au kanu iache, hata ikiwa safi vipi: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977.

Ikishageuzwa, iinue dhidi ya mwanga. Mchunaji mzuri hutumia kisu kufungulia tu, kisha humalizia kwa ngumi. Mvivu huacha mikato inayopitisha mwanga, na ndiyo itakayochanika. Makovu ya miiba na kupe siyahesabu kuwa kasoro. Mbuzi wa huku anashinda kwenye migunga, atakosaje alama?

Kisha vuta manyoya ya tumboni na kwapani, si ya mgongoni. Yakitoka kwa vishungi, chumvi ilichelewa. Joto la Kiboko halisubiri mtu: ngozi mbichi ikiachwa hadi jioni bila chumvi, mizizi ya manyoya huoza, na hakuna dawa itakayoirudisha. Kosa jingine la huku ni kuianika juani chini kwenye mchanga. Huungua, ikawa ngumu yenye kung'aa, na hata ukiiloweka maji hayapenyi. Iwambwe kivulini.

Sasa kata kipande chembamba shingoni, penye unene, uangalie ndani. Rangi iwe moja toka juu hadi chini. Ukiona mstari mbichi katikati, dawa ya kutengenezea haikufika, na muuzaji aliharakisha. Iliyotengenezwa kwa magome au maganda ya mgunga, ule ambao Wakamba huuita musemei, huwa ya kahawia na huvumilia maji. Kipande chake kitumbukize kwenye maji moto yasiyokaribia kuchemka. Kikijikunja na kuwa kama gundi, bado ni mbichi. Jaribio hili usiifanyie ngozi ya shabu na chumvi, maana shabu haistahimili joto wala kuoshwa. Hiyo ni nyeupe na laini, nzuri ya kutandika kitini, mbaya ya kukaa mlangoni mvua ikinyesha. Mimi napenda ya musemei, ijapokuwa manyoya meupe hupata madoa.

Ulaini hautoki kwenye dawa. Hutoka mikononi, kwa kuivuta na kuisugua kwenye ukingo wa ubao ingali na unyevunyevu. Ikunje shingoni: ikilia kama karatasi, mtengenezaji aliiacha ikauke peke yake. Hiyo yaweza kulowanishwa kidogo na kusuguliwa upya, hivyo punguza bei, usiikatae.

Ya sungura ipime kwa upole. Ni nyembamba mno, na tumboni huchanika hata kwa fundi hodari. Nunua kwa ajili ya mgongo wake tu.