Mlango wa Protini: Jaribio la Blobel na Dobberstein

Protini zote zinazotengenezwa kwenye sitoplazimu ya seli hutoka kwenye ribosomu zilezile. Nyingine hubaki ndani ya seli, nyingine hutolewa nje, kama insulini na kingamwili. Hizi za safari lazima kwanza zipite kwenye retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa mirija na mifuko bapa ulioshikana na utando wa kiini. Lakini utando wake ni mafuta, na protini kubwa haiupenyi hivihivi. Inaingiaje?

Mwaka 1971, Günter Blobel na David Sabatini, wakiwa New York, walibashiri kwamba mwanzoni mwa mnyororo wa protini kuna kipande kifupi kinachofanya kazi ya anwani. Ulikuwa ubashiri mtupu. Mwaka uliofuata, kundi la César Milstein huko Cambridge liligundua kwamba sehemu nyepesi ya kingamwili ikitengenezwa kwenye mirija ya maabara huwa ndefu kuliko ile inayotolewa na seli yenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinakatwa njiani.

Jaribio lililomaliza ubishi lilichapishwa mwaka 1975 na Blobel na Bernhard Dobberstein, na kwangu uzuri wake wote uko kwenye kupanga wakati. Seli zikisagwa, retikulamu hukatikakatika, kisha kila kipande hujifumba chenyewe kuwa kifuko kilichozibwa pande zote, na upande uliokuwa ukitazama sitoplazimu hubaki nje. Wao walitumia vifuko vya kongosho la mbwa. Kwenye mrija waliweka ribosomu, asidi amino zenye mionzi, na RNA ya kutengenezea sehemu nyepesi ya kingamwili, iliyotoka kwenye uvimbe wa panya.

Sasa tazama. Vifuko vikiwekwa mapema, protini inayopatikana ni fupi, na hata ukimwaga vimeng'enya vya kusaga protini, inasalimika, kwa kuwa imejificha ndani ya kifuko. Vifuko vikiwekwa baada ya protini kukamilika, inabaki ndefu, iko nje, na vimeng'enya vinaimaliza. Protini ileile, vifuko vilevile. Kilichobadilika ni saa ya kukutana. Maana yake, protini hiyo huvuka utando ingali inasukwa, uzi ukipita tundu la sindano huku ncha nyingine bado iko kwa msokotaji, na anwani hukatwa ikishafika ndani.

Aliyeongeza sura iliyofuata ni Peter Walter, akiwa na Blobel, miaka ya mwanzo ya 1980. Walipata chembe yenye protini 6 na kipande kimoja cha RNA. Huidaka anwani mara inapochomoza kwenye ribosomu, hupunguza kasi ya usukaji, na kuipeleka ribosomu nzima hadi mlangoni. Bila kucheleweshwa huko, mnyororo ungerefuka na kujikunja kabla ya kufika.

Insulini ya binadamu hupita njia hiyohiyo. Huanza ikiwa na asidi amino 110. Zile 24 za mwanzo, yaani anwani, hukatwa mlangoni, zikabaki 86. Ndani ya retikulamu mnyororo hukunjwa na kufungwa kwa viungo 3 vya salfa, kazi ambayo mazingira ya sitoplazimu hayairuhusu. Kisha husafirishwa, hupunguzwa tena hadi 51, na kungoja kwenye vifuko hadi sukari ipande katika damu.