Mchezo wa Mateso huko Oberammergau

Watu wa kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, waliahidi mbele ya Mungu mwaka 1633, wakati wa tauni, kucheza Mateso ya Bwana wetu kila miaka kumi; walianza mwaka 1634. Uaminifu wao twausifu. Lakini mchezo wenyewe ulibebesha Wayuda wote hatia ya kifo cha Yezu, kana kwamba Maria na Petro si Wayuda. Hitler alikuja kuutazama mwaka 1934, na baadaye akausifu. Mtaguso wa Vatikano ulikataa hukumu hiyo mwaka 1965. Lakini kelele ya watu mbele ya Pilato, ya kujitakia damu yake, iliondolewa mwaka 2000 tu. Imeandikwa katika Injili, ndiyo; lakini Injili husomwa kanisani na kuelezwa, jukwaani hakuna wa kueleza. Twapenda zaidi mchezo wa mwaka 2010: mle Yezu alisali kwa Kiebrania.