Ilani ya Garang na orodha ya maadui

Msomaji wa Kirumba anayemuenzi John Garang kwa kuwa naye alipita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, atakasirika, lakini ukweli usemwe: ilani ya SPLM, chama cha waasi alichokiongoza Kusini mwa Sudan, ya 31 Julai 1983 iliharibiwa na uamuzi mmoja ambao hauna utetezi. Uchambuzi wake kuhusu Sudan ulikuwa sahihi, kwamba tatizo si la Kusini peke yake bali la pembezoni zote zilizotelekezwa na Khartoum.

Kosa ni orodha ya maadui. Wiki 11 hivi baada ya Batalioni ya 105 ya jeshi la Sudan kuasi katika mji wa Bor, Kanali Garang hakuishia kutangaza kwamba lengo si kujitenga. Aliwaingiza kwenye kundi la maadui hata wale wa Anya-Nya II, waasi wengine wa Kusini, aliowaona wapinga maendeleo, watu waliokuwa msituni na bunduki zao kabla yake.

Huko ni kuwafukuza wachezaji wako kabla filimbi haijapulizwa. Wapinzani wa Garang miongoni mwa waasi hao, Samuel Gai Tut na Akuot Atem, walitaka Kusini ijitenge. Gai Tut aliuawa 1984 katika mapigano ya wenyewe kwa wenyewe, na Khartoum ikawapa silaha Anya-Nya II waipige SPLA, jeshi la SPLM. Mwaka 1991 makamanda wa SPLA Riek Machar na Lam Akol waliasi kule Nasir kwa hoja ileile ya kujitenga, kisha Bor ikalowa damu.

Watetezi wa Garang husema Mengistu, mtawala wa Ethiopia aliyekuwa akipigana na Waeritrea, asingempa hifadhi mtu wa kujitenga. Sawa, hiyo inaeleza kwa nini aliandika umoja. Haielezi kwa nini aliandika maadui.

Safu hii imeshasema mara nyingi, na itarudia: waandishi wa mapinduzi waliotoka Dar wangejifunza zaidi kwa Eduardo Mondlane. Juni 1962 alikubali kuongoza FRELIMO ya Msumbiji, iliyounganisha vyama vitatu, na risasi ya kwanza ikasubiri hadi Septemba 1964. Kwanza watu, halafu vita.

Hata Garang mwenyewe aliwahi kuandika vizuri zaidi. Januari 1972, akiwa kapteni, alimwandikia Joseph Lagu, kiongozi wa waasi wa awali wa Anya-Nya, kupinga mapatano na Khartoum yaliyokuwa yakiandaliwa Addis Ababa, akihofia Anya-Nya kumezwa na jeshi la Sudan. Baada ya mapatano askari 6,000 wa Kusini waliingizwa katika jeshi hilo, na Bor ilipolipuka 1983 chanzo kimojawapo kilikuwa amri ya kuwahamishia Kaskazini. Barua ile ilimlenga adui mmoja, na historia ikaithibitisha.

Kilichohitajika 1983 ni sentensi moja: Wasudani wa Kusini wataamua wenyewe kwa kura. Iliandikwa katika makubaliano ya Machakos, Julai 2002, miaka 19 baadaye, na Garang akaikubali. Januari 2011 asilimia 98.83 ya waliopiga kura walichagua kujitenga, jambo ambalo Gai Tut aliuawa akilidai.