Kozi ya Mitandao: Matabaka Saba Tumeyakariri, Mtandao Hatuujui

Kama una mpango wa kusoma shahada ya uzamili ya kompyuta, kuna swali moja utakutana nalo tu, upende usipende: "Taja na ueleze matabaka saba ya mfumo wa OSI." Mimi nimelijibu mara tatu: stashahada, shahada ya kwanza, na sasa uzamili. Mara zote nimepata alama nzuri.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Mama akanipigia simu ya kawaida kutoka Morogoro. "Mwanangu, si ndiyo mambo unayosomea hayo? Mbona WhatsApp haiendi?" Nikajibu kwa kujiamini: mkongo umekatika, huko chini Afrika Kusini. Akanyamaza kidogo. "Sasa mimi niko Morogoro, namtumia ujumbe dada yako Dodoma. Afrika Kusini inaingiaje hapo?"

Sikuwa na jibu. Matabaka yote saba yalikuwa kichwani, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Nimeandika makala haya kuikosoa kozi hiyo, siyo mhadhiri. Mhadhiri wetu anafika kwa wakati, anajibu maswali, anasahihisha majaribio kwa haki. Tatizo ni kile kozi inachokiona kuwa ndiyo elimu. Inaufundisha mtandao kama kitu kilichoshuka kikiwa kimekamilika, kina sehemu saba, na kazi yako ni kuzitaja kwa mpangilio. Kwa cheti cha awali, sawa, lazima uanzie mahali. Lakini kwa uzamili? Hapo ndipo mtu anatakiwa ajifunze kuuliza kwa nini kitu kiko hivi na si vile.

Anza na hayo matabaka yenyewe. Kiwango cha OSI kilitolewa na shirika la ISO mwaka 1984. Lakini mtandao wa ARPANET, babu wa intaneti, ulikuwa umeshahamia TCP/IP tangu tarehe 1 Januari 1983. Itifaki zilizobuniwa kwa ajili ya OSI zilishindana na TCP/IP, na kwa sehemu kubwa zikashindwa. Kilichobaki ni ule mchoro, ambao bado unafaa kama lugha ya kuzungumzia mitandao. Kumbe tunakariri ramani ya barabara ambazo nyingi hazikujengwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na mashindano.

Au chukua udhibiti wa msongamano. Kwenye slaidi zetu ulikuwa mchoro wa mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Tukaunakili. Hadithi iliyo nyuma yake niliikuta baadaye, peke yangu, kwenye makala ya Van Jacobson ya mwaka 1988. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizotengana kwa mita zisizofika 400, kasi ya mawasiliano ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Mtandao ulijikaba wenyewe.

Ilikuwaje? Fikiria umemtuma mtoto dukani akanunue sukari. Amechelewa, unamtuma wa pili. Naye amechelewa, unamtuma wa tatu. Kila nyumba mtaani inafanya hivyo hivyo. Baada ya nusu saa duka limejaa watoto wanaofuata sukari ileile, na muuzaji hawezi hata kugeuka. Kompyuta zilikuwa zinafanya hivyo: pakiti ikichelewa, inatumwa tena, na foleni inazidi. Dawa ya Jacobson ilikuwa adabu: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, na ukiona pakiti imepotea, punguza sana. Ile michoro ya msumeno ni adabu hiyo. Ukiijua hadithi, huhitaji kuikariri.

Kasoro inayoniuma zaidi, hata hivyo, ni kwamba muhula mzima hatukupima kitu. Tukiuliza, jibu ni lilelile: vifaa hatuna. Siyo kweli kabisa. Mininet, programu ya bure inayokuwezesha kujenga mtandao wa majaribio ndani ya laptopu moja, ipo tangu mwaka 2010. Kule Stanford kuna kozi ya uzamili ambayo wanafunzi wake huchagua makala ya utafiti iliyochapishwa, kisha wanajaribu kurudia matokeo yake wenyewe. Wengine hufanikiwa, wengine hugundua kwamba matokeo hayatoki kama yalivyoandikwa. Hiyo ndiyo elimu ya uzamili. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji ruta ya mamilioni, inahitaji kompyuta na uvumilivu.

Tena kuna kipimo ambacho wewe msomaji unaweza kukifanya leo, hata kama hujawahi kukanyaga darasa la kompyuta. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni karibu kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 1,400, sawa na milisekunde 7. Ongeza kona za njia na kazi za ruta, bado tuko kwenye makumi machache. Sasa tafuta seva unayojua kwa hakika iko Nairobi, fungua kompyuta, tumia amri ya ping. Ukiona milisekunde 200, ujue pakiti yako ama imekaa kwenye foleni kubwa, ama imezunguka ng'ambo kabla ya kufika kwa jirani. Amri ya traceroute itakuonyesha ruta ilizopitia, uanze kutofautisha.

Na hapo ndipo utagundua jambo ambalo halimo kwenye tabaka lolote kati ya yale saba: watu. Zamani mtu wa Nairobi akimwandikia barua pepe mwenzake wa mtaa wa pili anayetumia kampuni nyingine ya intaneti, barua iliweza kupanda setilaiti, ikaenda nje ya nchi, ikarudi. Mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha kituo cha kuunganishana hapohapo nchini, KIXP. Kikafungwa mapema tu, baada ya malalamiko kwamba kinaingilia haki ya pekee ya Telkom Kenya ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa. Kilirudi mwaka 2002. Fizikia ilikuwa ileile muda wote. Kilichobadilika ni kibali. Hilo nalo ni somo la mitandao, tena letu kabisa, na sijawahi kuliona kwenye mtihani.

Utaniambia kozi ina wiki chache na mtaala umepangwa. Ni kweli. Basi ipunguzwe mahali: wiki tatu za kutaja matabaka ziwe moja. Mbili zinazobaki zitoshe kusoma makala moja ya zamani hadi ieleweke, na kupima njia moja ya pakiti kutoka chuoni kwetu hadi chuo cha jirani. Na wewe unayetaka kujiandikisha, kabla hujalipa ada, muulize mwanafunzi wa mwaka jana: mlipima nini? Akikutajia slaidi tu, jiandae kujifundisha mwenyewe.

Mama nilimjibu baada ya wiki mbili. Nilimwambia ujumbe wake hauendi Dodoma moja kwa moja, unapitia kwanza seva za kampuni yenye programu, na vituo vikuu vya data vya kampuni hiyo viko Marekani, Ulaya na Asia. Mikongo ya kusini ilipokufa, na mingine ya Bahari ya Shamu ilikuwa imeharibika tangu Februari, kila mtu alibanwa kwenye njia chache zilizobaki. Wale watoto wa dukani, mama.

Akasema, "Sasa nimeelewa. Kwa nini hamjiwekei duka la karibu?"

Swali hilo, waheshimiwa wahadhiri wetu, lipeni alama ishirini.