Kiti cha Takeru

Wateja wangu hapa Homa Bay hawaulizi filamu kwa jina la mwigizaji, sembuse mwandishi. Wanauliza kwa jina la DJ. "Niwekee za Afro kumi," jamaa anasema, anapitisha flashi kwenye wavu na kurudi kwa pikipiki yake kungoja. Kazi yangu hasa ni kutengeneza simu, lakini mtu akija na flashi simfukuzi. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza filamu fulani iliandikwa na nani. Hata mimi sikuwa najiuliza, mpaka jina moja likaanza kunifuata kutoka kazi moja hadi nyingine nikashindwa kulipuuza: Yasuko Kobayashi.

Kama umetazama misimu mitatu ya kwanza ya Attack on Titan, unamjua bila kumjua. Yeye ndiye aliyesimamia uandishi wake. Lakini kabla ya majitu kuanza kula watu, mama huyu alikuwa ameandika kwa miaka mingi vipindi vya runinga vya mashujaa wa Kijapani, wale wa helmeti na nguo za kubana wanaopigana na madubwana huku moto ukilipuka nyuma yao. Msimu huu wa mvua, stima ikipotea karibu kila jioni na wateja wakipotea nayo, nilirudia vitatu ninavyovipenda: Timeranger ya 2000, Shinkenger ya 2009 na Kamen Rider OOO ya 2010. Laptopu, betri ya gari, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nitatoboa siri za mwisho bila huruma. Vipindi vyenyewe vina umri wa kutosha.

Nilianza kuviona nikiwa mtoto Migori, ila sikujua ni hivyo. Sisi tuliita kila kitu Pawa Renja. Palikuwa na kibanda cha video, mabati juu na mabenchi chini, na DVD zile zilizobeba filamu ishirini kwenye sahani moja. Nyingine zilivuka mpaka wa Isebania zikiwa tayari zimesimuliwa kwa Kiswahili cha Tanzania, kazi ambayo watu kama Lufufu wa Dar es Salaam waliifanya kabla sisi huku hatujamzoea DJ Afro. Na kukiwa hakuna tafsiri, mwenye kibanda alizima sauti akasimulia mwenyewe, nusu Kiswahili nusu Dholuo. Dubwana kuu alilipa jina la askari wa kanjo aliyekuwa akimsumbua kuhusu leseni. Tulicheka mpaka mabenchi yakaanguka. Hadithi yenyewe ilikuwa gani? Hakuna aliyejali.

Baadaye ndiyo nikajua kwamba Pawa Renja yenyewe ilikuwa imeshafanyiwa hivyohivyo kabla haijatufikia. Tangu 1993 Wamarekani walikuwa wakichukua picha za mapigano kutoka vipindi vya Super Sentai vya kampuni ya Toei, wanaacha waigizaji wa Kijapani nje, wanapiga upya sehemu za bila helmeti wakitumia waigizaji wao, na kuandika maneno mapya. Timeranger ikawa Power Rangers Time Force, 2001. Shinkenger ikawa Power Rangers Samurai, 2011. Kwa hiyo nilichokiona Migori kilikuwa mwili wa hadithi za Kobayashi, maneno yake yakiwa yameng'olewa mara mbili, California kwanza na kibandani baadaye. Simlaumu mwenye kibanda. Yake ilikuwa na mzaha. Ile ya kwanza ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu ukiziweka mbilimbili unaona kilichotolewa, na kinachotolewa ni kilekile kila mara.

Timeranger nitaipitia haraka. Askari wa mwaka 3000 wanakwama mwaka 2000, na vifaa vyao vinahitaji watu watano ndipo vifanye kazi. Wanamshika kijana wa huku, Tatsuya, kwa sababu anafanana na kapteni wao sura kwa sura. Tatsuya ni mtoto wa tajiri anayekimbia kampuni ya baba yake. Yaani kiti chake halali hakitaki, na kile anachokikalia ni cha mtu mwingine. Kuna na Naoto, aliyesoma na Tatsuya lakini hakuzaliwa na kitu, ambaye anapigania cheo kwa meno na kucha mpaka anakipata. Karibu na mwisho anapigwa risasi na askari wa chini kabisa wa adui, wale wanaoangushwa kumikumi kila wiki, kwa sababu alirudi kuokoa ndege wa mtoto. Hakuna muziki mkubwa. Anakufa tu. Kwenye ile ya Kimarekani jina lake ni Eric, anaishi, na anabaki kazini na rafiki yake. Nilipokuwa mdogo nilifurahi Eric alipopona. Sasa naona walimwibia kifo chake, maana Naoto ndiye mtu pekee kwenye kipindi kizima aliyeamini kwamba ukikimbilia kiti kwa nguvu za kutosha kitakuwa chako.

OOO ni kitu kingine. Kwanza inachekesha. Shujaa wake, Eiji, hana nyumba. Mali yake ni sarafu chache na chupi ya kesho aliyoitundika kwenye kijiti. Anaokota mkono. Mkono tu, unaoongea, una hasira na unapenda aiskrimu. Mkono huo unaitwa Ankh, na ili upate mwili unaingia ndani ya askari mpelelezi aliyezimia. Dada wa mpelelezi, Hina, inabidi kila siku atazame uso wa kaka yake ukitukana watu kwa sauti isiyo yake. Umeona? Kiti cha mtu mwingine tena, safari hii ni mwili mzima.

Lakini kinachonifanya nimvulie Kobayashi kofia ni medali. Vipindi hivi vipo ili Bandai iuze vifaa vya kuchezea, hilo si siri, na mwaka ule kifaa kilikuwa medali: watoto wakusanye, wabadilishane, watake nyingine. Yeye akachukua agizo hilo la biashara akaandika hadithi ya medali zinazotengenezwa kwa tamaa, za viumbe wanaokusanya wasishibe, wakila wasisikie utamu. Tangazo la biashara linalomwonya mnunuzi, na kampuni ikalipia. Ankh anapokufa, medali yake ikiwa imevunjika, ndipo inaeleweka alichokuwa akikitaka ni uhai, na asiyekuwa hai hawezi kufa. Nililia, si uongo, na mteja akanikuta hivyo.

Sehemu moja ya OOO ilinikera zaidi mara hii. Jeraha la Eiji ni msichana mdogo aliyeshindwa kumwokoa vitani, katika nchi ya mbali ambayo jina lake sikulisikia likitajwa. Ni vumbi, nyumba za udongo, mlipuko. Kobayashi ni mwangalifu kwa kila kitu ila mahali hapo. Mtoto anayekufa ndani ya kumbukumbu ya shujaa hutoka daima mahali panapofanana na kwetu, na hapewi hata wilaya.

Sasa Shinkenger, ambayo ndiyo sababu ya makala hii yote. Ni kipindi cha samurai: Takeru ni bwana wa kumi na nane wa ukoo wa Shiba, vijana wanne wameitwa kumtumikia kwa sababu wazazi wao walitumikia ukoo huo, na kuna Genta, muuza sushi wa kibanda cha kusukuma, rafiki wa utotoni. (Wamarekani walimgeuza Genta kuwa mvuvi anayeuza samaki, anaitwa Antonio. Kwa sisi wa ziwani hayo ndiyo mabadiliko pekee yaliyokuwa na akili.) Sehemu arobaini na kitu Takeru ni mkavu, mpole kwa shida, anabeba kila kitu peke yake. Unadhani ni kiburi. Kisha msichana anafika na watu wake, anavaa nyekundu ileile, na inajulikana kwamba yeye, Kaoru, ndiye bwana wa kumi na nane. Takeru ni kivuli. Alilelewa kuwa chambo ili maadui wamwandame yeye huku mwenye jina akifichwa na kufundishwa mhuri wa kumfunga adui mkuu. Baba yake pia alikufa akiwa kivuli. Damu ya Shiba hana hata tone.

Kwenye Power Rangers Samurai, anayefika ni dada yake. Ndiyo hivyo tu. Jayden aliwaficha wenzake kwamba ana dada mkubwa mwenye haki zaidi. Wanaudhika kidogo, wanamsamehe, naye bado ni wa familia, bado ana kwao. Neno moja, dada, limezima moto wote. Kwa sababu Takeru anapoondoka pale nyumbani haendi kupumzika. Anaenda kupigana na Juzo, adui asiyetaka kitu duniani ila upanga kukutana na upanga, kwa vile ukimwondolea Takeru jina, upanga ndio pekee uliobaki ambao haukuwa uongo. Na Ryunosuke, mtiifu kuliko wote, anakwama njiani hajui kiapo chake kilikuwa kwa jina au kwa yule jamaa.

Mimi ni mtoto wa pili. Kwetu, upande wa Uriri, kaka mdogo hajengi simba yake kabla ya mkubwa. Utaratibu wa kuzaliwa ndio utaratibu wa nyumba. Kaka yangu mkubwa aliondoka zamani kutafuta maisha na simu yake ikawa ya kupatikana kwa bahati. Karo ya dada zetu, dawa za mama, michango ya matanga, yote ikapitia mikono yangu, na watu wakazoea kuniita niwakilishe boma. Baba alipofariki niliongoza kila kitu mpaka asubuhi ya mazishi. Asubuhi hiyo kaka akafika kwa gari la kukodi. Baba mdogo akanishika bega polepole. "Wuoda, sogea kidogo nyuma," akaniambia, "mwenye kiti amekuja." Hakuwa amekosea. Nilisogea.

Nilitazama Shinkenger mara ya kwanza mwaka uliofuata, na nilimchukia yule msichana kwa moyo wangu wote.

Kurudia kumenishangaza hapo. Kaoru siyo mnyang'anyi. Mlezi wake ndiye anayepiga makelele kuhusu heshima, naye kila mara anampiga na feni ya karatasi anyamaze. Amekulia mafichoni, hakuwahi kuwa na wenzake wa kula nao, na tangu mtoto amefundishwa kitu kimoja tu, ule mhuri. Anautumia na unashindwa. Maisha yake yote yalikuwa kwa ajili ya siku hiyo na siku imepita bure. Ndipo anafanya jambo ambalo wengine huliona ni ujanja wa mwandishi aliyeishiwa: anamwasili Takeru awe mwanawe, mtu mzima kumzidi, ili awe bwana wa kumi na tisa. Kwa hati. Hata watumishi wanapigwa na butwaa, na ndiyo, inachekesha.

Lakini mimi sioni ujanja. Naona mwandishi aliyekataa kutuambia uongo mtamu kwamba jasho la Takeru lingetosha. Halikutosha. Alifanya kazi ya bwana tangu utotoni na bado hakuwa na namna ya kujitwalia jina. Lazima aliyenalo afungue mkono. Na mwenye kulifungua alikuwa naye amefungwa nalo, bila kuulizwa. Baada ya sehemu hiyo nilizima laptopu nikamfikiria kaka kwenye lile gari la kukodi, shati jipya, akisoma hotuba ambayo ilionekana wazi aliiandika njiani, labda kati ya Rongo na Awendo. Alikosea jina la mwisho la darasa la baba la kanisa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Siku ile niliona kosa tu.

Kuna njia ya kutatua mambo yetu, na wazee wanaikubali: mkubwa aje hata siku moja, asimamishe kajumba ka mabati, kisha mdogo ajenge. Nimemwandikia. Amejibu kwamba tutaona.

Wiki iliyopita kijana wa darasa la saba aliniomba Power Rangers Samurai. Nikamwekea, na kwenye nafasi iliyobaki nikamwongezea Shinkenger, bure. Jumamosi akarudi na malalamiko. Ile nyingine haina DJ, akasema, na inabidi usome. Tena Jayden hayumo, na dada yake ni mtu mwingine kabisa.

"Si dada yake," nikamwambia.

Akanitazama kama fundi aliyeharibu simu ya mtu. "Sasa kama si dada yake," akauliza, "anakaaje kwa hiyo nyumba?"