Sokwe wa Mahale na hesabu ya mayai ya minyoo

Novemba 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, analala mchana kweupe. Akauendea mti mchungu ambao Watongwe wa huko huuita mjonso. Alivunja chipukizi, akaondoa majani, akamenya gome, kisha akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake. Kesho yake alasiri alikuwa amechangamka. Seifu, Mtongwe mwenye asili ya waganga, aliitambua dawa papo hapo: kwao mjonso hutibu minyoo na homa.

Lakini mgonjwa huweza kupona mwenyewe. Ilibidi kuhesabu, na mnyama wa mwituni huwezi kumtoa damu bila kumlaza kwa dawa. Kwa hiyo minyoo hupimwa kwa kinyesi. Sokwe jike mwingine alipotafuna mjonso, kinyesi chake kilichunguzwa kabla na baada. Mayai ya minyoo wa Oesophagostomum, ambao hutia vinundu kwenye ukuta wa utumbo, yalishuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 ndani ya saa 20. Mimi nisingeridhika na namba hizo peke yake, kwani mayai hupungua na kuongezeka hata bila tiba. Kilichozipa uzito ni sokwe wengine waliopimwa kipindi hicho hicho: wao mayai yao yalikuwa yakiongezeka.

Wanakemia wa Kyoto waliupasua mti wenyewe. Majani yana vernodalini kwa wingi, nayo ilikuwa sumu kali kwa panya wa maabara. Kiini kina vernoniosidi, iliyo laini zaidi. Yale majani aliyoyatupa Chausiku yanaeleweka sasa. Sisi wa Tabaka, magharibi mwa Kenya, tuzingatie hilo, maana mjonso, yaani Vernonia amygdalina, unaota pia kwetu, na majirani zetu Wajaluo huuita olulusia.

Sokwe wa Mahale wana njia nyingine pia. Asubuhi, tumbo likiwa tupu, hukunja majani ya Aspilia yenye vinyweleo vya kukwaruza na kuyameza bila kutafuna. Baada ya saa kama 6 majani hutoka mazima, pengine na minyoo ndani ya mikunjo, wakiwa bado wanajinyonganyonga. Mnyoo aliye hai hakuuawa na kemikali. Utumbo uliokwaruzwa umemsukuma nje.